Pomboo na mabomu ya baharini: kazi ngumu ni kumfundisha kusema "hakuna"

Mwalimu mmoja wa baiolojia ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wamesikia kwamba jeshi la wanamaji la Marekani linatumia pomboo kutafuta mabomu yaliyotegwa baharini, wakanibana kwa maswali nisiyoweza kuyajibu. Mnyama anafundishwaje kulitambua bomu? Kwa nini lisimlipukie? Na siku hizi za roboti, kwa nini bado wanahangaika na mnyama? Nami naongeza la kwangu: ni haki kumtumia hivyo?"

Mwalimu, nashukuru kwa barua yako. Nitaanza na swali la kwanza, maana ndilo watu wengi huliwaza kinyume. Hudhani mkufunzi anamfundisha pomboo kutafuta. Kutafuta anakujua tangu utotoni. Ndivyo anavyopata chakula chake. Wala hafundishwi bomu ni nini, na hatakuja kujua. Kwake yeye kuna maumbo fulani ambayo akiyakuta na kutoa taarifa, analipwa samaki. Anachofundishwa kwa miaka ni hiyo taarifa yenyewe, itoke bila kupotoshwa: kipo, au hakuna.

Tuangalie kwanza chombo alichozaliwa nacho. Kwenye bandari yenye tope, mzamiaji anaweza kunyoosha mkono asivione vidole vyake. Sauti haina shida hiyo. Majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Pomboo anaitengeneza ndani ya njia ya pua, chini kidogo ya tundu la kupumulia, ambako ana jozi za midomo midogo ya nyama inayogongana hewa ikipita. Kila mgongano hutoa mlio mkavu unaodumu chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mlio huo hupita kwenye nundu ya mafuta iliyo kwenye paji la uso, nayo huukusanya na kuulekeza mbele. Nguvu yake kubwa iko kwenye mitetemo 100,000 hadi 130,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu huishia kwenye 20,000 hivi. Mwangwi ukirudi huingia kupitia taya la chini, lenye mafuta maalumu yanayoufikisha kwenye sikio la ndani. Kwa kawaida pomboo husubiri mwangwi wa mlio mmoja urudi ndipo atoe mwingine. Kwa hiyo kadiri anavyokikaribia kitu ndivyo milio inavyozidi kusongana, na ukiwa na kipaza sauti cha majini unaweza kufuatilia kwa sikio jinsi anavyosogea.

Haya hayakukubaliwa kwa kukisia. Mwaka 1961 Kenneth Norris na wenzake walichapisha majaribio ambayo pomboo alifunikwa macho kwa vikombe vya mpira vinavyoganda kwenye ngozi, akaendelea kupita kati ya vizuizi na kufuata chakula chake. Baadaye, katika ghuba ya Kaneohe huko Hawaii, Whitlow Au na wenzake walipima uwezo huo kwa vipimo vya uhandisi. Pomboo aliweza kugundua tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 7.6 akiwa umbali wa mita 113, tena katika ghuba iliyojaa kelele za kamba wadogo wanaolialia usiku na mchana. Katika jaribio jingine alitofautisha mitungi ya alumini iliyolingana kila kitu isipokuwa unene wa ukuta, na tofauti hiyo ilikuwa kama robo ya milimita. Wala hakuwa ameigusa. Alikuwa mita nane kutoka ilipo.

Jaribio hili la mwisho ndilo ninaloomba ulisimulie darasani, kwa sababu ndilo linaloeleza kila kitu kuhusu mabomu. Ukigonga pipa tupu na pipa lililojaa maji, sikio lako hujua tofauti hata ukiwa umefumba macho. Mwangwi wa pomboo unamletea habari za aina hiyo: umbo la nje, ndiyo, lakini pia kilichomo, unene wa ganda, aina ya kitu. Jiwe lenye ukubwa wa bomu halitoi mwangwi wa bomu. Na kwa kuwa sauti hupenya tope laini kwa kiasi fulani, pomboo anaweza kugundua hata kitu kilichofukiwa chini ya sakafu ya bahari. Sona za meli, yaani vyombo vya kutafuta vitu majini kwa sauti, zimesumbuliwa na hali hiyo kwa miongo mingi.

Sasa mafunzo. Mizizi ya ufundi huu ni kazi ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kuhusu jinsi matokeo ya tendo yanavyoamua kama litarudiwa. Wanafunzi wake Keller na Marian Breland waliutoa ufundi huo maabara na kuupeleka kwa wanyama wa kila namna. Bob Bailey, aliyesimamia mafunzo katika kituo cha jeshi la wanamaji huko Point Mugu, California, mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadaye alikwenda kufanya kazi pamoja nao. Hakuna siri ya kijeshi katika misingi hii. Ni ileile inayomfundisha mbwa kukaa chini.

Kitu cha kwanza ni filimbi. Inapulizwa, samaki anafuata papo hapo, tena na tena, mpaka filimbi yenyewe inakuwa ahadi. Sababu ni umbali. Pomboo akifanya jambo sahihi akiwa mbali na boti, samaki hamfikii kwa wakati. Mpaka arudi atakuwa ameshafanya mambo mengine matatu, na hatajua analipwa kwa lipi. Filimbi inamwambia: ni hilo ulilolifanya sasa hivi. Ikichelewa hata nusu sekunde, umelipia kitu kingine, na mnyama atakurudishia hicho kitu kingine kwa uaminifu wote. Makosa mengi yanayosemwa ni ya mnyama yalianzia kwenye filimbi ya mkufunzi.

Kisha anazoezwa kugusa kwa ncha ya pua mpira uliofungwa kwenye kijiti, kutulia ubavuni mwa boti, kupita kwenye lango la kizimba, kufuata boti ndogo hadi bahari ya wazi na kurudi. Huko San Diego, ambako mpango huu una makao yake makuu tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, vizimba ni nyavu zinazoning'inia kwenye magati yanayoelea ndani ya ghuba. Pomboo wa kazi hutolewa humo na kupelekwa nje, mahali ambapo hakuna wavu wala kamba ya kumzuia asiende zake. Karibu kila mara hurudi.

Baada ya hapo ndipo huletwa bomu la mazoezi: ganda lenye umbo, ukubwa na madini ya bomu halisi, lisilo na baruti. Mwanzoni liko karibu na liko wazi. Boti ina vibao viwili vya kugusa, kimoja mbele na kimoja nyuma. Mkufunzi anatoa ishara, pomboo anakwenda kuchunguza eneo aliloelekezwa, anarudi, na anagusa. Kibao cha mbele maana yake amekuta kitu. Cha nyuma maana yake hakuna kitu. Siku zinavyokwenda, ganda linasogezwa mbali, linalazwa kwenye mchanga, linafukiwa nusu, linafukiwa lote. Pembeni yake wanaongeza takataka za aina zote zinazopatikana chini ya bandari: matairi, mapipa, mawe, vyuma chakavu, mitego ya wavuvi iliyopotea. Pomboo anajifunza kuyapuuza hayo yote.

Hapo ndipo tunafika kwenye ugumu wenyewe. Fikiria unamlipa samaki kila anapogusa kibao cha mbele na kukuta amepatia, na humlipi chochote akigusa cha nyuma. Baada ya siku chache utakuwa na pomboo anayegusa cha mbele kila safari. Hajadanganya. Amefanya hesabu uliyompa: "kipo" hulipa, "hakuna" hailipi. Jeshi litatuma wazamiaji kwenye kila jiwe, na baada ya mawe kadhaa hakuna mzamiaji atakayemwamini tena. Ukigeuza na kulipa "hakuna" kwa ukarimu kupita kiasi, utapata mnyama anayezunguka kidogo karibu na boti na kurudi kukuambia eneo ni salama. Kosa la kwanza linapoteza muda. La pili linazamisha meli.

Kwa hiyo mafunzo hupangwa kwa matokeo manne. Kitu kipo, akasema kipo. Kitu kipo, akasema hakuna. Kitu hakipo, akasema kipo. Kitu hakipo, akasema hakuna. Mkufunzi hurekodi yote manne kwa kila mnyama, hupeleka sehemu kubwa ya safari mahali pasipo na kitu kabisa, na hulipa "hakuna" sahihi kama anavyolipa "kipo" sahihi. Akiona mnyama ameanza kuegemea upande mmoja, hurekebisha malipo na idadi ya safari tupu mpaka mizani irudi. Mimi huwa naangalia safu ya tatu kabla ya nyingine zote. Mnyama anayegundua kila kitu lakini anapiga kelele za uongo mara kwa mara hana kazi baharini.

Kuna mtego mwingine ulio mgumu kuuona. Mnyama anamsoma mkufunzi. Wanasaikolojia wanakumbuka farasi wa Ujerumani aliyeitwa Hans, aliyesifiwa kwamba anajua hesabu, hadi Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba alikuwa anasoma mabadiliko madogo ya mwili wa aliyemuuliza na kuacha kugonga kwato pale muulizaji alipolegea. Pomboo ana uwezo huohuo. Mkufunzi akijua ganda limewekwa wapi, atainamisha kichwa kidogo, ataandaa samaki mapema, boti yenyewe itageuka kidogo kuelekea huko. Kwa hiyo jaribio la kweli ni lile ambalo aliye botini hajui jibu. Mtu mwingine ndiye aliyeweka maganda na ndiye mwenye ramani.

Na bado kuna tatizo moja ambalo shule haiwezi kulimaliza: katika kazi halisi, hakuna mwenye ramani. Pomboo anagusa kibao cha mbele, na mkufunzi hajui kama amepatia au amekosea mpaka wazamiaji washuke. Alipe au asilipe? Akilipa kila kitu, anaharibu ukweli alioujenga. Asipolipa kabisa, anamkatisha tamaa. Njia inayotumika kwa wanyama wote wa kugundua vitu, mbwa wa mabomu wakiwemo, ni kumzoesha tangu mwanzo kufanya safari nyingi kwa malipo yasiyotabirika, na kuingiza humo vitu vya mazoezi ambavyo wahusika wanajua vilipo, ili apate nafasi za kulipwa kwa haki na ili wapime kama bado anasema kweli.

Unaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila mnyama yeyote. Fukia sarafu kwenye baadhi ya vikopo vya mchanga, mtu mmoja achomechome kwa kijiti na kusema "ipo" au "hakuna", mwenzake alipe kwa punje za mahindi. Raundi ya kwanza lipa "ipo" iliyo sahihi tu. Raundi ya pili lipa majibu yote yaliyo sahihi. Waandike yale matokeo manne ubaoni, kisha walinganishe raundi mbili. Hawatahitaji maelezo yako marefu.

Mfano wa ukweli huo baharini ulitokea Machi 2013, katika mazoezi karibu na Coronado, California. Pomboo anayeitwa Ten alirudi botini na kutoa ishara ya "kipo" mahali ambapo hapakutarajiwa kuwa na kitu. Hapakuwekwa ganda hapo. Ingekuwa rahisi kuandika kosa kwenye safu ya tatu na kuendelea, na kwa muda ndivyo ilivyoonekana. Wiki moja baadaye pomboo mwingine, Spetz, alipita eneo lilelile na kutoa taarifa ileile. Safari hii walimpa kifaa cha kuweka alama, na wazamiaji walipofuata walikuta topedo (kombora la majini) ya shaba aina ya Howell, iliyobuniwa na ofisa wa jeshi la wanamaji katika miaka ya 1870 na 1880. Ilikuwa na urefu wa kama mita 3.4. Topedo za aina hiyo zilitengenezwa 50 tu, na hadi siku ile iliyokuwa inajulikana kubaki ni moja, katika jumba la makumbusho. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha Ten wala Spetz umbo la topedo ya karne ya 19. Walikuta kitu cha madini kilichotengenezwa, chenye uwazi ndani, wakasema kipo. Mimi nalihesabu tukio hili kuwa ushahidi bora kuliko takwimu yoyote ya mazoezini, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu la kumnong'oneza mnyama.

Swali lako la pili: kwa nini bomu lisimlipukie? Kwanza, bomu la kisasa la sakafuni halisubiri kuguswa. Linapima mambo ambayo meli huyaleta: mvurugiko wa uga wa sumaku unaosababishwa na chuma kingi, ngurumo za injini na rafadha, na mabadiliko ya shinikizo la maji chombo kikubwa kikipita juu. Pomboo hana chuma, hana injini, na uzito wake hauna mfanano na wa meli. Mabomu ya zamani yanayoelea kwa mnyororo ni tofauti kidogo. Yana pembe zinazochomoza, na ndani ya pembe mna kichupa cha kioo chenye kemikali. Meli ikiigonga pembe, kichupa huvunjika, kemikali huamsha betri, na betri huwasha kilipuzi. Hapo kugusa ni hatari, na ndiyo sababu pomboo hafundishwi kugusa. Anatoa taarifa botini, anapewa kifaa cha alama akibebe kwa mdomo, anakiachia karibu na kitu alichokikuta na kuondoka. Wanaoshuka kulitegua bomu au kulilipua ni watu, na wanyama wanakuwa wameshaondolewa majini.

Usiwaambie wanafunzi kwamba hakuna hatari kabisa. Uwanja wa vita ni uwanja wa vita. Lakini picha ya pomboo anayetumwa kujilipua na bomu siyo kazi hii.

Wanafunzi wakiuliza kama inafaa kuhangaika hivyo kwa mabomu, waambie habari ya meli ya kivita Samuel B. Roberts. Tarehe 14 Aprili 1988, katika Ghuba ya Uajemi, iligonga bomu la Iran ambalo muundo wake ni wa mwaka 1908. Bomu hilo linakadiriwa kugharimu kama dola 1,500. Matengenezo ya meli yaligharimu karibu dola milioni 90. Mwaka 1991, katika ghuba hiyohiyo, meli mbili za Marekani, Tripoli na Princeton, zilipigwa na mabomu ya kutegwa siku moja. Silaha ya bei ndogo kabisa baharini ndiyo inayofunga bandari, na bandari ikifungwa, chakula na dawa pia havipiti. Ndivyo ilivyokuwa Umm Qasr, Iraki, mwaka 2003. Pomboo walisafirishwa kwa ndege, wakashirikiana na wazamiaji na vyombo vingine kukagua njia ya maji, na tarehe 28 Machi meli ya Sir Galahad ikatia nanga na shehena ya misaada.

Pomboo hawako peke yao. Simba-bahari wa California hana mwangwi wa kuonea, lakini anaona vizuri kwenye mwanga hafifu na anajua sauti imetokea upande gani majini, jambo linalomshinda binadamu. Kwa hiyo hutumwa kufuata vifaa vya majaribio vilivyozama vikiwa na kitoa mlio, hadi mita 300 hivi chini. Anashuka na koleo maalumu mdomoni lililofungwa kamba, analibana kwenye kifaa, anaachia na kurudi juu. Winchi inafanya mengine. Nguzo ya kazi yake ni ileile: afanye jambo moja kwa usahihi, alipwe kwa hilo.

Kuhusu uvumi kwamba wanyama hawa wamefundishwa kuua wazamiaji, jeshi la Marekani limekana siku zote. Walipelekwa kulinda Cam Ranh huko Vietnam mwaka 1970 na 1971, na wamelinda manowari za nyuklia nyumbani kwao, ambapo kazi ni kumgundua mtu na kumwekea alama. Mimi kama mtu wa mafunzo naongeza hoja moja: mnyama hatofautishi rafiki na adui, na mkufunzi mwenye akili hamfundishi kuumiza watu kiumbe anayeogelea na wazamiaji wake kila siku.

Sasa swali lako mwenyewe, la haki. Sitalikwepa. Pomboo wa mwanzo walikamatwa baharini na kutenganishwa na makundi yao. Siku hizi mpango huo unazalisha wake wenyewe, na matunzo ya kitabibu wanayopata ni ya hali ya juu. Wapo waliovuka miaka 40. Hata hivyo tafiti zilizofanywa kwa wanyama haohao zimeonyesha maradhi yanayowasumbua pomboo wanaofugwa kuliko wenzao wa porini, yakiwemo mawe kwenye figo na madini ya chuma kujaa kwenye ini. Kizimba ni kizimba. Sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa wanarudi wenyewe kutoka bahari ya wazi, basi wameridhia. Kurudi kwao kunathibitisha kwamba mafunzo yamefanya kazi na kwamba chakula chao kiko botini. Kuridhia ni jambo jingine. Lakini pia sikubaliani na wanaoiona safari ya kutafuta kama mateso. Ukimtazama pomboo akiwa kazini, anatumia uwezo wake wote, na hiyo ndiyo sehemu ya siku yake inayofanana zaidi na maisha aliyoumbiwa. Kinachonisumbua si kazi. Ni utegemezi unaozaliwa na kazi hiyo, na swali la nani ataubeba.

Hilo linatuleta kwenye roboti. Mwaka 2012 jeshi la wanamaji la Marekani lilieleza mpango wa kuanza kuwaondoa baadhi ya pomboo kwenye kazi ya mabomu kuanzia 2017, nafasi yao ichukuliwe na roboti za majini kama ile iitwayo Knifefish, inayotumia sauti ya mitetemo ya chini inayopenya tope vizuri zaidi. Mwaka 2017 ukapita, na wanyama waliendelea na kazi. Roboti ina faida ambazo hakuna mnyama atakayezifikia: hailali, haiugui, na ikilipuka hakuna anayelia. Katika maji ya wazi yenye sakafu tambarare ningeichagua leo. Shida yake ni bandari chafu na ufukwe wenye mawimbi, mahali ambapo kila mita kuna kitu kinachofanana na bomu. Roboti inakusanya picha nyingi sana za sauti, na mara nyingi ni mpaka irudi ndipo mtaalamu akae na kuzipitia. Pomboo anachuja hukohuko chini na kukuletea neno moja. Sona zetu zimeiga mitetemo yake. Bado hazijaiga uamuzi wake.

Naamini zitafika, na nataka zifike. Lakini siku zitakapofika, wanyama waliopo hawawezi kufunguliwa lango tu. Tulishaona ilivyokuwa kwa upande wa pili. Muungano wa Kisovieti ulikuwa na kituo chake cha pomboo huko Sevastopol. Muungano ulipovunjika fedha zikakauka, na mwaka 2000 iliripotiwa kwamba wanyama kadhaa waliuzwa Iran kwa sababu aliyewatunza hakuwa tena na samaki wala dawa za kuwapa. Mwaka 2019 nyangumi mweupe mmoja alijitokeza kaskazini mwa Norway akiwa amevishwa mkanda wa kubebea kamera wenye maandishi yanayotaja St. Petersburg. Hakuna aliyejitokeza kusema ni wake. Watu walimpa jina Hvaldimir, naye aliishi kwa kufuata boti na watu kwa miaka mitano, hadi alipokutwa amekufa mwishoni mwa Agosti 2024.

Kwa hiyo, Mwalimu, jibu langu kwa swali la haki lina sharti. Pomboo aliyezaliwa leo kwenye kizimba cha jeshi anaweza kuishi hadi miaka ya 2060, muda mrefu kuliko roboti yoyote iliyopo na kuliko bajeti yoyote iliyopitishwa. Jeshi linalomzalisha linapaswa kutenga sasa fedha za samaki wake, daktari wake na wenzake wa kukaa nao kwa muda huo wote, iwe atakuwa na kazi au hatakuwa nayo. Pasipo hilo, wasizalishe wengine.